Ukihamishiwa Kasulu au Kibondo na Bado Unataka Triathloni

Barua ya uhamisho haiulizi mtu anafanya mazoezi gani. Inataja Kasulu, au inataja Kibondo, na tarehe ya kuripoti kazini. Mwalimu, nesi, mhasibu wa halmashauri, mfanyakazi wa shirika linalohudumia wakimbizi, wote hufika na begi na godoro. Wachache kati yao hufika na baiskeli iliyofungwa juu ya basi na miwani ya kuogelea ndani ya begi, wakijiuliza watafanya nayo nini huko milimani. Makala haya ni ya hao wachache. Nayaandika kwa sababu nimeona zaidi ya mmoja akiuza baiskeli yake ndani ya miezi mitatu, akisema Buha, nchi hii ya Waha, hakuna michezo. Michezo ipo tele. Yeye aliiulizia kwa jina ambalo hapa halijulikani.

Ukifika na kuuliza iko wapi klabu ya triathloni, utatazamwa tu. Uliza badala yake nani anakimbia alfajiri, nani anapanda mlima na baiskeli bila kushuka, na nani analijua Ziwa Tanganyika kama kiganja chake. Hapo utapata majibu mengi, na kazi yako itakuwa kuwaunganisha watu hao.

Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Mwaka 1974, ule ule ambao Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, klabu ya wakimbiaji ya San Diego nchini Marekani iliandaa mashindano yaliyochanganya kukimbia, baiskeli na kuogelea. Walijitokeza watu 46, wengi wakiwa wakimbiaji waliotaka kujaribu kitu kipya. Miaka minne baadaye, Februari 1978, huko Hawaii, ofisa wa jeshi la majini John Collins alichukua mashindano matatu yaliyokuwapo tayari, ya kuogelea, ya baiskeli na marathoni, akayaunganisha kuwa ya siku moja. Wakaanza watu 15, wakamaliza 12. Hiyo ndiyo Ironman ya kwanza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekuta klabu ya triathloni ikimsubiri.

Umbali unaotumika katika Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Ule mfupi ni nusu yake: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Kwa anayeanza upya katika mji mgeni, huo mfupi unatosha kuwa lengo la mwaka mzima.

Nianze na maji, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kasulu na Kibondo ni miji ya milimani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari; Kasulu iko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 500, na Kibondo juu zaidi. Usijipangie ratiba inayotegemea bwawa la kuogelea mjini. Kuna mito, na mgeni mwenye hamu huitazama mito. Naomba nieleweke vizuri hapa: Malagarasi na Muyovosi si mahali pa kujifunzia kuogelea. Ni mito ya viboko na mamba, inayolisha mojawapo ya maeneo makubwa ya ardhioevu Afrika Mashariki, lililotambuliwa kimataifa mwaka 2000. Mkazi akikwambia watoto huoga pale darajani, anakwambia kweli, lakini watoto hao wanajua saa, wanajua kina, na wana wenzao kumi wakipiga kelele. Wewe huna hata kimoja. Malambo ya kunyweshea ng'ombe nayo yaache. Maji yaliyotuama ni nyumba ya konokono wa kichocho.

Kwa hiyo maji yako ni Ziwa Tanganyika, pale Kigoma. Mtu wa Kasulu yuko umbali wa kilomita 90 hivi, na lami imefika. Mtu wa Kibondo yuko zaidi ya kilomita 200. Tofauti hiyo inabadili mpango mzima, na kosa la kwanza ninaloliona ni watu wa Kibondo kuiga ratiba ya watu wa Kasulu.

Ukiwa Kasulu, shuka ziwani kila baada ya wiki mbili. Ondoka Jumamosi asubuhi, ogelea alasiri ikiwa maji yametulia, lala Kigoma, ogelea tena Jumapili mapema, kisha panda mlima kurudi. Safari moja imekupa mazoezi mawili. Ukiwa Kibondo, nenda mara moja kwa mwezi, lakini omba ruhusa ya Ijumaa au Jumatatu ili upate mazoezi matatu kwa nauli ile ile. Mikono inakumbuka maji kwa siku chache tu. Ni afadhali kuogelea mara tatu ndani ya siku tatu kuliko mara moja moja kwa kutawanya.

Katikati ya safari hizo, fundi baiskeli anakutosha. Mwombe tyubu kuukuu, ikate vipande viwili virefu, vifunge kwenye nondo ya dirisha au mti imara kwa usawa wa kiuno. Inama mbele mpaka mgongo ulale kama ukiwa majini, shika ncha za mpira, uvute mkono mmoja baada ya mwingine, kiwiko kikiwa juu, mpaka kiganja kipite nyonga. Vuta dakika moja, pumzika dakika moja, rudia mara kumi, siku nne kwa wiki. Ni zoezi la kuchosha na halina raha yoyote, lakini misuli ya mabega haitakusahau, na siku ya kurudi ziwani utaogelea kama mtu aliyekosa wiki moja.

Sasa ziwa lenyewe. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na ukingo wake sehemu nyingi hushuka ghafla: hatua chache tu maji yamekufika kimo, mikono kadhaa mbele hakuna chini. Maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, huhitaji vazi la mpira wanalovaa waogeleaji wa Ulaya. Sehemu ambayo wageni wengi huanzia ni ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, kusini mwa mji. Hulipiwa kiingilio, maji ni maangavu, kuna mchanga na mawe. Mahali penye matete, matope na nguo zinazofuliwa pakwepe, kwa kuwa kichocho kipo Tanganyika na konokono wake hupenda hapo. Hata ukichagua maji maangavu, mweleze daktari kwamba unaogelea ziwani, upime baada ya miezi miwili au mitatu, na ukikutwa nacho umeze dawa yake, prazikwanteli. Hilo lisikutishe. Linatibika, mradi ulishughulikie mapema.

Siku yangu ya kwanza niliingia majini saa nane mchana, peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali na sikutaka kurudi mkavu. Upepo ulikuwa umeanza. Mita mia mbili kutoka ufukweni mawimbi mafupi yalikuwa yakinipiga usoni kila nikigeuka kuvuta pumzi, na nchi kavu ilionekana imesogea mbali. Mzee mmoja wa mtumbwi alinifuata kimya, akapiga kasia ubavuni mwangu mpaka nikasimama mchangani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina watoto.

Tangu siku hiyo nina sheria tatu, nami nakuachia zilivyo. Ingia asubuhi mapema, hasa Mei hadi Septemba, miezi ambayo upepo wa kusi hulichafua ziwa; alasiri ni pale tu maji yakiwa yametulia. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee katikati. Na usiingie bila mtumbwi. Mvuvi mmoja akilipwa kwa saa moja anakulinda wewe na wenzako wanne, kwa hiyo gharama hugawanyika. Nenda kwa uongozi wa mwalo, wale wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, uwasalimie, ueleze unachofanya, wakuchagulie mtu. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na hupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo ukipanga safari yako karibu na mwezi mpevu utawakuta wana nafasi na hawana usingizi. Mwaka 2024 serikali ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hili kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Ukisikia tangazo kama hilo, ulizia kwanza mwaloni, maana mitumbwi haitakuwa ikienda na kurudi kama kawaida.

Funga pia dumu tupu la njano la lita 5 kwenye kamba ya mita moja na nusu, kamba uizungushe kiunoni. Litaelea nyuma yako na boti itakuona kutoka mbali. Kupima umbali bila bwawa, tumia saa. Kama mita 100 zinakuchukua dakika mbili na nusu, mita 750 ni kama dakika 19. Ogelea dakika tisa na nusu kwenda, geuka, rudi. Hesabu hiyo inatosha kabisa.

Kuhusu kukimbia nitasema machache, kwa kuwa Buha yote ni uwanja. Ila kuna jambo moja ambalo hakuna atakayekwambia kwa sababu wenyeji wameshalizoea. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini jua la Kasulu huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya jua la Dar es Salaam. Mtu aliyezoea kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kule Kinondoni, huku atajikuta gizani kwa saa nzima, barabarani, na malori. Sogeza ratiba yako. Na faida yake iko jioni: mwanga hukaa mpaka karibu saa moja, na baada ya kazi unayo saa nzima na zaidi ya kukimbia bila tochi. Vikundi vingi hapa hukutana jioni kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo usihukumu mji kwa kukosa watu alfajiri.

Watu wa kukimbia nao wako wapi? Anzia vyuoni. Kasulu ina chuo cha ualimu, na jirani yake Kabanga kuna kingine. Miji yote miwili ina vyuo vya maendeleo ya wananchi. Panapo wanachuo pana timu, na panapo timu pana mwalimu wa michezo mwenye filimbi na daftari. Mtafute mwalimu huyo, maana ndiye anayewajua vijana waliong'ara kwenye mashindano ya UMITASHUMTA wakiwa shule za msingi na UMISSETA wakiwa sekondari, ambao leo wanauza dukani au wanaendesha bodaboda na miguu yao bado ina kasi. Kwa mwanafunzi aliye shuleni, usimchukue mazoezini kabla ya kuongea na mwalimu mkuu na mzazi. Ni adabu, na ni kinga yako pia.

Kuna vikosi vya JKT, Mtabila upande wa Kasulu na Kanembwa upande wa Kakonko. Jeshini ndiko nchi hii hupatia wakimbiaji wake wengi; Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu ya kwanza ya dunia katika marathoni kule Tokyo Septemba 2025, ni askari. Usithubutu kukimbia ndani ya eneo la kikosi bila ruhusa. Lakini barua ya heshima kwa mkuu wa kikosi, ikipitia kwa afisa michezo wa halmashauri, ikiomba timu yao ishiriki mbio za Jumamosi pamoja na raia, ni barua yenye nafasi nzuri ya kujibiwa.

Kwa mbio za kasi tumia uwanja wa mpira wa shule yoyote. Mizunguko mitatu ya nje ya chaki ni karibu kilomita moja. Wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, udongo mwekundu huteleza na viatu huwa na kilo mbili za tope. Hamia kwenye lami au kwenye changarawe. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli, chukua sweta ya kuvua ukishapata joto.

Baiskeli ndiyo itakayokupa marafiki.

Nasema hivyo kwa sababu huku baiskeli si mchezo. Ni gari la familia. Inabeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya mawese, mgonjwa na mkunga. Kijana anayepandisha kilo sabini za maharage kutoka bondeni mpaka sokoni kwa Phoenix isiyo na gia ana mapafu ambayo wewe na baiskeli yako ya mamilioni unayaota. Mwendeshaji wa namna hiyo ndiye mwenzako wa mazoezi. Kumpata, nenda kwa fundi baiskeli wa karibu na soko, salimia kama watu wanavyosalimiana hapa. Neno la asubuhi ni "Mwakeye", na ukilitamka hata vibaya uso wa mtu hufunguka. Kaa kwenye benchi lake. Mpe kazi ndogo, akaze spoku au apake mnyororo mafuta, ulipe bila kubishana, kisha muulize ni nani mwenye kasi katika mji huu. Fundi anawajua wote, kwa sababu wote huvunja kitu.

Katika uchaguzi wa baiskeli nitakuwa mkali kidogo. Usije na baiskeli nyembamba ya mashindano kama ndiyo pekee uliyo nayo. Njoo na ya milimani yenye gia nyepesi, uivalishe tairi zisizo na meno makubwa kwa ajili ya lami. Utaweza kupanda vilima, utaweza kuacha barabara kuu na kufuata njia za vijijini kiangazi, na vipuri vya inchi 26 vinapatikana kirahisi zaidi. Kama ni lazima uje na ile ya rimu ya 700, jua jambo lililowaumiza wengi: tairi ya Phoenix huitwa 28, na baadhi ya wauzaji huita hata 700 kwa namba hiyo hiyo, lakini rimu ya Phoenix ni kubwa zaidi na tairi yake haitakaa kwenye yako. Beba tairi moja ya akiba na tyubu nne kutoka Dar es Salaam au Mwanza. Beba na kile kichwa kidogo cha kugeuzia vali nyembamba, vinginevyo pampu ya fundi haitakusaidia na utatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Barabara zimebadilika sana. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, kina lami, na mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 zilizogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umepita katikati kabisa ya nchi hii ya vilima, Kibondo ikiwamo. Angalia hesabu hii: kutoka Kigoma mjini mpaka Kasulu ni kilomita 90 hivi, yaani umbali kamili wa baiskeli katika nusu Ironman, na mwisho wake uko juu zaidi ya mwanzo kwa zaidi ya mita 500. Mtu aliyeogelea Kigoma Jumapili alfajiri, akapanda baiskeli mpaka Kasulu, akamaliza kwa kukimbia hata kilomita tatu, amefanya zoezi ambalo wa mijini hulilipia fedha nyingi na hawalipati.

Lami lakini imeleta mwendo kasi. Mabasi na malori ya mizigo ya kwenda na kutoka Burundi hayatarajii kumkuta mtu kwenye kona akiwa amejikunja juu ya usukani. Endesheni mmoja nyuma ya mwenzake, kushoto, na helmeti kichwani, shati la rangi kali. Kwenye mteremko usishindane. Vipande vinavyopita porini, hasa kati ya Kasulu na Kibondo, usiviendeshe peke yako. Pitia kituo cha polisi uulize hali ilivyo wiki hiyo, uwaambie unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi.

Tembea na kitambulisho chako cha NIDA siku zote, hata ukienda kukimbia kilomita tatu. Huu ni mkoa wa mpakani, maofisa wa uhamiaji wako kazini, na mtu mgeni anayekimbia vichochoroni jioni ataulizwa. Jibu kwa utulivu, onyesha, endelea. Kuingia kambi za wakimbizi kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Usizifanye njia ya mazoezi, na usipige picha ukipita karibu nazo. Kama kazi yako iko ndani ya kambi, michezo ya humo ina utaratibu wake, fuata huo.

Hapa nataka kusema na wanaofanya kazi kwenye mashirika. Miaka mingi ya miradi imewazoeza watu kwamba mgeni mwenye gari akiitisha kikao kuna posho, soda na fulana. Hakuna wa kulaumiwa, ndivyo walivyofundishwa. Lakini kikundi chako kikianza kwa fulana kitakufa fulana zikiisha. Anza na saa na mahali. Fika wewe, kila Jumamosi, hata ukiwa peke yako wiki tatu za mwanzo. Acha gari nyumbani. Watu wa Buha huangalia kwanza kama mtu ana msimamo, na wakishaona unao watakuja bila kuitwa. Ukitaka kutoa kitu, lipia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa vijana wawili, au nunua pampu nzuri ya kukaa kwa fundi. Vitu hivyo vitabaki hata siku utakapohamishwa tena.

Wanawake wengi hupenda kujiunga na hawajui waanzie wapi, hasa palipo na wanaume peke yao. Wasiachiwe wajitafutie. Mtafute nesi au mwalimu mmoja mwenye kauli mjini, awe ndiye anayeita wenzake, na mbio zao za kwanza zianzie mahali palipo na watu, si porini. Katika mavazi, bukta pana au sketi fupi ya michezo juu ya suruali ya kubana inatosha kumfanya mtu apite kijijini bila kero, kwa wanaume na wanawake. Mkikuta msiba njiani, shukeni baiskeli, mtembee.

Chakula hakitakusumbua. Ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, muhogo, karanga, dagaa: mwili wa mwanamichezo unahitaji nini zaidi? Badala ya vile vipakiti vitamu vya kuagiza, changanya vijiko vitatu vya asali ya Kibondo na maji nusu lita na chumvi kidogo. Nimeendesha kilomita 80 kwa chupa mbili za mchanganyiko huo na ndizi nne.

Baada ya miezi minne au mitano utakuwa na watu sita, labda kumi. Hapo andaeni mashindano yenu, na kwa kuwa ziwa liko mbali, fanyeni yale yasiyo na maji: kimbia kilomita 5, baiskeli 20, kimbia tena 2 na nusu. Ni mchezo rasmi, unaitwa duathloni. Mwone afisa michezo wa halmashauri mwezi mmoja kabla, naye atakuongoza kwa polisi wa usalama barabarani na kwa mganga mkuu ili mpate muuguzi wa siku hiyo. Wekeni fungu tofauti la baiskeli zisizo na gia. Fungu hilo ndilo litakaloleta watu kando ya barabara, na huenda ndilo litakalokuonyesha kipaji ambacho hakuna aliyekijua.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, Rwanda ni jirani. Agosti 2022 nusu Ironman ilifanyika huko kwa mara ya kwanza, Rubavu, ufukweni mwa Ziwa Kivu: kilomita 1.9 majini, 90 za baiskeli, 21.1 za miguu, katika nchi ya vilima kama vyenu. Kutoka Kibondo unapita Nyakanazi na Rusumo. Wapo waliosafiri kutoka Ulaya kuja kwenye vilima hivyo wakiwa hawajawahi kuvipanda hata siku moja. Nyinyi mnavipanda kila Jumamosi.

Kwa hiyo ukifika, kabla hata ya kufungua masanduku yote, chukua karatasi moja na kalamu nene. Andika: Jumamosi, saa moja asubuhi, mbio kilomita 5 na baiskeli kilomita 20, baiskeli ya aina yoyote, hakuna kiingilio. Weka namba yako ya simu. Kisha mpelekee fundi baiskeli wa sokoni, umwombe aibandike kwenye mti anaofanyia kazi.